Kuacha Sigara: Kwa Mara Moja au Kidogo Kidogo?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja katika wasomaji, naye ni mtu wa swala tano na mwenye kuhudhuria darasa. Asema kuwa amevuta sigara tangu ujana wake, na mara tatu amejaribu kuiacha asiweze. Wenzake wa barazani wamemwambia asijisumbue kuiacha kwa mara moja, bali aipunguze kidogo kidogo, kwani hata ulevi Mwenyezi Mungu hakuuharimisha kwa siku moja. Naye atuuliza: Je, maneno haya ni sawa? Na kama si sawa, aishike njia gani?

Suala hili limetupendeza. Wengi hutuuliza kama sigara ni haramu au ni makruhu tu, na wakisha kujibiwa huwasha nyengine. Huyu hakuuliza hukumu. Ameuliza njia ya kutokea.

Kwa hivyo juu ya hukumu hatutasema mengi. Tumbaku iliingia katika nchi za Waislamu mwishoni mwa karne ya 10 ya Hijra na mwanzoni mwa ile ya 11, na wanavyuoni wa zama hizo wakakhitalifiana. Wako walioiharimisha, wako walioikirihisha, na wako walioihalalisha, kama Sheikh Abdul-Ghani An-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, ambaye aliandika kitabu kizima juu ya uhalali wake. Lakini waliohalalisha walijenga hoja yao juu ya kuwa madhara hayakuthibiti, na msingi huo leo haupo. Tangu mwaka 1950, Doll na Bradford Hill walipoonyesha huko Uingereza uhusiano wa sigara na saratani ya pafu, ushahidi umezidi kurundikana juu ya ushahidi, na Shirika la Afya Duniani lahesabu kuwa tumbaku yaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Katika hao wamo wengi ambao hawakupata kushika sigara mkononi. Walivuta moshi wa waume zao na baba zao. Mwenye kujua hayo, na akajua kuwa Mwenyezi Mungu ametukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizo (Sura ya 2, aya ya 195), na kuwa Mtume s.a.w. amekataza kudhuru na kudhuriana, hana haja ya kutungoja sisi tumwambie.

Wala kujua hukumu peke yake hakumwachishi mtu. Sultan Murad wa Nne wa Waturuki alipiga marufuku tumbaku katika mwaka 1633, na wakauawa watu kwa ajili yake, na bado Waturuki waliendelea kuvuta. Ikiwa upanga haukuwaachisha, haitawaachisha khutba ya robo saa ya siku ya Ijumaa. Ndiyo maana twaona njia ni jambo la kufikiriwa kwa makini kama hukumu ilivyofikiriwa.

Sasa tuje kwenye hoja ya barazani. Ni kweli kuwa ulevi uliharimishwa kwa daraja. Kwanza ilishuka aya ya kuwa katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake (2:219). Kisha ikashuka aya ya kuwakataza watu kuikaribia swala hali wamelewa (4:43). Kisha ikashuka aya ya Suratul Maida (5:90), nayo ikafunga mlango. Lakini wenzetu wa barazani husoma aya mbili za kwanza wakaisahau ya tatu. Tazameni walivyofanya watu wa Madina ilipowafikia. Anas bin Malik, katika hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, asimulia kuwa alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, mara akasikia mwenye kunadi akinadi kuwa ulevi umeharimishwa. Abu Talha akamwambia atoke akaumwage, na siku hiyo ulevi ukapita katika njia za Madina kama maji. Hakusema mtu yeyote: ngojeni nimalize kikombe hiki. Hakusema mtu: mimi nitapunguza mpaka mwezi ujao.

Basi daraja ilikuwa katika kushuka kwa sharia, na Mwenye kuishusha alijua itakapokoma. Mvutaji wa barazani ajua nini? Asema apunguza. Alikuwa akivuta 20, sasa avuta 12. Muulizeni ni siku gani itakuwa 0, atawajibu, Inshallah. Tena jina hilo tukufu hulitaja mahali ambapo hakukusudia lolote. Watu husema polepole ndio mwendo, nasi twakubali, maadam huyo anayekwenda polepole ajua aendako na ajua atafika lini.

Na kuna jambo jengine ambalo mvutaji mwenyewe halitambui. Mwili wake umezoea kipimo chake cha nikotini, nayo ndiyo dawa iliyomo katika tumbaku inayofunga uraibu. Akipunguza idadi ya sigara, huzivuta kwa nguvu zaidi, huuzuia moshi kifuani muda mrefu zaidi, na huifuata sigara mpaka karibu na vidole. Hivyo hesabu ya sigara hupungua, na sumu haipungui kwa kadiri ile ile.

Mwaka 2016 ilitangazwa khabari ya uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa wavutaji 697 waliotaka kuacha. Nusu yao waliambiwa wavute kama kawaida yao mpaka siku waliyowekewa, kisha waache kabisa. Nusu ya pili waliambiwa wapunguze kwa muda wa wiki mbili, kisha waache. Wote walipewa dawa na nasaha. Baada ya wiki 4, katika kila 100 walioacha kwa mara moja, 49 walikuwa hawajavuta. Na katika waliopunguza walikuwa 39. Baada ya miezi 6 walikuwa 22 kwa hawa na kiasi cha 15 na nusu kwa wale. Insafu yatulazimisha tuseme kuwa chunguzi nyengine zilipokusanywa pamoja, tofauti baina ya njia hizi mbili ilionekana kuwa ndogo. Kwa hivyo hatumwambii mtu kuwa kupunguza ni upuuzi. Lakini angalieni: hata hao waliopunguza walikuwa na siku iliyoandikwa, nayo haikuwa mbali zaidi ya wiki mbili. Kupunguza kwa namna hiyo ni njia. Kupunguza bila ya siku ni kuendelea kuvuta kwa jina jengine.

Basi jibu letu la kwanza kwa ndugu yetu ni hili: weka siku. Iwe ndani ya wiki mbili kutoka leo, na uwaambie watu wa nyumbani kwako. Usingoje Ramadhani ikiwa Ramadhani i mbali, kwani hapana aliyekudhaminia kuifikia.

Jibu la pili lataka yeye mwenyewe atwambie kitu. Mara hizo tatu alizojaribu, alianguka wapi? Hili watu hawajiulizi. Husema tu kuwa nafsi iliwashinda, kisha huingia katika jaribio la nne kwa njia ile ile iliyowaangusha katika la tatu. Mtu aliyeanguka siku ya pili au ya tatu, kichwa chamuuma, hasira zampanda, usingizi hauji, huyo ameangushwa na mwili, kwani siku hizo za mwanzo ndizo kali, na taabu yenyewe hudumu kiasi cha wiki mbili mpaka nne. Huyo ahitaji dawa. Na mtu aliyekaa miezi minne salama, kisha akavuta moja tu katika harusi au matanga, au katika kikao cha miraa ambapo sigara huzunguka kama kahawa, huyo mwili wake ulikwisha kupona, na aliyemwangusha ni mwenziwe. Ampe dawa nani? Yeye ahitaji kubadilisha mahali pa kukaa baina ya Magharibi na Isha. Huyu wa pili akinunua dawa ametupa mali yake, na yule wa kwanza akihama baraza bila ya dawa ataanguka nyumbani kwake peke yake.

Iko alama nyepesi ya kujua nguvu ya uraibu. Mtu ambaye huwasha sigara yake ya kwanza ndani ya nusu saa tangu kuamka, yaani mara tu baada ya Alfajiri, au, Mwenyezi Mungu atuhifadhi, kabla yake, uraibu wake ni mkubwa, na asijidanganye kwa ushujaa.

Wengi katika watu wa dini huona haya kutumia dawa. Husema: imani ikiwa kamili, yatosha. Maneno haya yapendeza kusikia lakini si sahihi. Mtume s.a.w. ametuamuru tujitibu, na ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa illa ameteremsha na dawa yake. Hapana asemaye kuwa mwenye homa ya malaria ana upungufu wa imani kwa kumeza vidonge. Na katika wanaoacha sigara bila ya msaada wowote, katika kila 100 hubaki 3 mpaka 5 tu ambao hawakurejea baada ya miezi 6 mpaka mwaka. Basi ndugu yetu aliyeshindwa mara tatu asijione kuwa ni mnafiki au mtu dhaifu kuliko wenziwe. Amekwenda vitani bila ya silaha, na wengi waliokwenda hivyo wamerudi kama alivyorudi yeye.

Dawa zenyewe ziko namna mbili. Ya kwanza ni kumpa mtu nikotini bila ya moshi, kwa plasta inayobandikwa juu ya ngozi kila siku, au kwa chingamu ya miligramu 2 au 4, na hii ya 4 ni kwa yule avutaye mara tu aamkapo. Dozi hupunguzwa kwa muda wa wiki 8 mpaka 12, mpaka ikesha. Kufanya hivyo huongeza nafasi ya mtu kufaulu kwa kadiri ya nusu tena, na plasta na chingamu pamoja zina nguvu kuliko kimoja peke yake. Atakayesema kuwa nikotini ni ile ile, tutamjibu kuwa ni ile ile, lakini inayojaza makaburi zaidi ni lami na hewa chafu zilizomo katika moshi. Na plasta ina siku ya mwisho, sigara haina. Namna ya pili ni vidonge ambavyo havina nikotini, navyo ni varenicline na bupropion. Hivi ni lazima viandikwe na daktari, na bupropion haimfai mwenye kifafa. Mwezi wa Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya kuwatibu wanaotaka kuacha tumbaku, na dawa hizi zote zimo ndani yake, pamoja na nasaha za daktari, hata zikiwa fupi. Mwenye maradhi ya moyo, na mwanamke mwenye mimba, wasijinunulie wenyewe kabla ya kuuliza. Bei ya dawa ni kubwa, hatukatai. Lakini avutaye sigara 10 kwa siku huvuta 3,650 kwa mwaka. Na apige hesabu kwa bei ya kibanda chake, pale ambapo kibiriti huning'inia kwa uzi mlangoni kumngojea.

Ziko njia ambazo twazikataza. Hatutasema mengi juu ya wale wanaouza kombe na hirizi za kuachisha sigara. Mtu akifungiwa hirizi mkononi, mkono huo huo ndio utakaoshika kiberiti. Wala shisha si njia ya kuacha. Vijana wetu, na sasa hata mabinti, hudhani kuwa maji huusafisha moshi, nayo huupoza tu. Na katika kikao kimoja cha saa nzima mtu huvuta moshi mwingi mara nyingi kuliko wa sigara nzima.

Lakini iliyo mbaya kuliko zote, nayo imeenea katika miji yetu, ni kula yamini ya talaka. Mtu hukasirika na nafsi yake akasema mbele ya watu: Nikivuta tena, mke wangu ameachika. Hudhani kuwa amejifunga kwa kamba imara. Siku ya tatu kiu ya moshi yafika kileleni, mkono wake waenda mfukoni, naye baada ya dakika tano yuko mlangoni kwa sheikh akilia. Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi, na katika madhehebu matatu mengine, ni kuwa talaka iliyofungwa kwa sharti hupita likitokea sharti. Ibn Taymiyya na waliomfuata waliona kuwa ikiwa msemaji alikusudia kiapo tu wala hakukusudia talaka, basi lililo juu yake ni kafara. Sisi hapa hatutaki kuwapa watu kauli ya kukimbilia. Twataka waulizane, je, huyu mwanamke ana kosa gani? Hakuvuta yeye. Miaka yote amevumilia harufu ya nguo na kikohozi cha usiku, na sasa nyumba yake na wanawe wamewekwa rehani kwa sigara ambayo si yake. Mwenye kukwisha kusema maneno hayo, na aende kwa Kadhi au kwa mwanachuoni kabla ya kuvuta, asiende baada yake.

Na mtu akiona lazima aape, basi aape kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Akivunja, kafara yake imetajwa katika aya ya 89 ya Suratul Maida, nayo ndiyo aya iliyotangulia ile ya ulevi: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, jambo ambalo leo halipo, na asiyepata, afunge siku 3. Hata hivyo hatumhimizi kuapa. Tumewaona watu ambao baada ya kuvunja kiapo mara moja walikata tamaa na kusema maadam nimekwisha kuvunja, na nivute; hali mwenye kuteleza siku moja angeweza kuamka kesho yake akaendelea na siku zake.

Imebaki Ramadhani, nayo ndiyo hoja tunayoipenda zaidi. Nikotini hupungua nusu katika damu kila muda wa saa 2 hivi. Mvutaji wetu hapa Pwani hufunga kutoka Alfajiri mpaka Magharibi, saa 13 na zaidi. Kwa hesabu hiyo, adhana ya Magharibi inapolia, katika mafungu 64 aliyokuwa nayo alfajiri hana hata fungu moja kamili. Yaani kazi ngumu ameifanya, tena ameifanya akiwa na njaa na kiu, sokoni, gatini, juani. Kisha afuturu kwa tende moja na sigara, na usiku kucha airudishe damuni sumu aliyoitoa mchana kutwa, na kesho aanze upya. Mtu huyu huacha sigara mara 30 kwa mwezi mmoja kisha atwambia hawezi kuiacha. Kiu yenyewe, kila inapokuja, hukaa dakika chache tu ikapita. Mchana huipisha kwa sababu ya funga, na usiku angeweza kuipisha kwa udhu, au glasi ya maji, au mswaki, ambao ni sunna na tena waushughulisha mkono na kinywa.

Watu wengine wametuuliza juu ya plasta ya nikotini kwa mwenye kufunga. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa 10 uliokaa Jidda mwaka 1997, lilikata kuwa kinachoingia mwilini kwa kunyonywa na ngozi, kama marhamu na plasta zenye dawa, hakifunguzi. Basi mwenye kubandika na abandike, na funga yake ni sahihi. Ama chingamu yafunguza, kwani dawa yake huyeyuka ikamezwa pamoja na mate. Hiyo na aiweke mpaka baada ya Magharibi.

Wazee wetu husema: sisi tumekwisha, tuacheni na kiko chetu. Doll huyo huyo aliwafuata madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, na mwaka 2004 akaandika aliyoyaona. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 30 aliokoa kiasi cha miaka 10 ya maisha. Mwenye 40, miaka 9. Mwenye 50, miaka 6. Na mwenye 60, miaka 3. Ajali i mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na sababu tumeamrishwa kuzishika. Mzee wa miaka 60 atazame ni Ramadhani ngapi zimo katika miaka mitatu, na ni swala ngapi za jamaa ambazo angezisali bila ya kikohozi kumtoa safuni.

Ndugu yetu na atuandikie siku aliyoiweka, na mara zile tatu alianguka wapi. Jina lake hatutalitaja. Na akitaka mtu wa kukaa naye baina ya Magharibi na Isha katika wiki hizo za mwanzo, wamo katika darasa letu wawili walioacha, nao wamesema wako tayari. Wa billahi tawfiq.